Ini la Njano

Mwalimu hakula ini la kuku hata siku moja bila kulitazama kwanza. Alilinyanyua kwa ncha za vidole kutoka kwenye bakuli, akaligeuzageuza kuelekea dirishani, kisha akatangaza jambo ambalo mwenye nyumba hakutaka litangazwe: huyu alikuwa anataga, huyu alikuwa ameatamia, huyu aliacha kutaga siku nyingi. Mama zetu waliona aibu. Kumchinja kuku anayetaga ni hasara, na kumchinja kwa ajili ya mgeni ambaye ataitaja hasara hiyo mbele ya chakula ni kujitakia. Lakini waliendelea kumwalika. Mimi nilikuwa mtoto wa nyumba mojawapo ya hizo, na tangu wakati huo nilijiuliza yule mtu anawapa nini hata wamvumilie hivyo.

Alitufundisha baiolojia sekondari, hapa Kasulu. Alikuja kikazi kutoka mkoa wa mbali, kama walimu na madaktari wengi wanaoletwa huku na kuanza kuomba uhamisho kabla hawajafungua begi. Yeye hakuomba. Alioa kwa watu wa Kibondo, akabaki. Kwa miaka yote hiyo Kiha chake kilikuwa neno moja tu, mwakeye, salamu ya asubuhi, ambayo aliitoa saa yoyote. Ungekutana naye jua linazama, baridi ya milimani imeshaanza kushuka, naye anakuambia mwakeye kwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Wazee walimjibu hivyo hivyo, mwakeye, na kucheka akishapita. Hakuna aliyemsahihisha. Nilitaka kumsahihisha mimi, baba akanikataza.

Kwetu, kabla yake, ini la njano lilitupwa. Kuku akichinjwa, firigisi iliwekwa pembeni nzima kwa ajili ya baba au mgeni mwanamume, na ini lilikaguliwa. Likiwa jekundu lilipikwa. Likiwa njano, kubwa, linateleza mkononi kama limepakwa samli, akina mama waliguna na kumrushia mbwa, wakasema kuku alikuwa na manjano, au kuna jicho la mtu limempitia. Mwalimu aliona mbwa wa jirani amenenepa, akauliza anakula nini. Alipoambiwa alicheka mpaka akaketi. Baada ya hapo alikwenda nyumba kwa nyumba kama mtu anayehubiri. Aliwaeleza kuwa kiini cha yai hakitengenezwi kule yai linakokaa. Kinatengenezwa kwenye ini. Kuku akikaribia kutaga, ovari yake inamwaga homoni inayoitwa estrojeni kwenye damu, homoni inafika kwenye ini, na ini linaacha mapumziko yake. Linavimba, linajaa mafuta, linapika vitu vyote vya kiini na kuvimwaga kwenye damu, navyo vinasafiri mpaka kwenye ovari na kuingia kwenye yai. Kwa hiyo kuku wa mayai lazima ini lake liwe njano.

"Si ugonjwa," alikuwa anamalizia. "Ni kazi."

Maneno hayo yalishika kuliko yeye mwenyewe alivyotegemea. Wauza maharage sokoni waliyachukua. Mama aliyevimba miguu kwa kusimama kutwa alisema si ugonjwa, ni kazi. Kijana aliyelewa mchana alitetewa hivyo hivyo na wenzake. Mpaka leo ukiyasema Kasulu kuna mtu atayamalizia, ingawa hajui yalianzia kwenye ini la kuku.

Mimi nilimwonea wivu kwa jambo hilo. Niseme tu, kwa sababu habari hii yote imejaa wivu na sioni sababu ya kuuzungukia. Nilikuwa mtoto anayeuliza. Niliuliza kwa nini mvua, kwa nini padri haoi, kwa nini Kakonko wamepewa wilaya yao. Watu walichoka. Halafu akaja mtu wa mbali asiyejua hata kusalimia, akawaambia maini yao ya kutupa ni mazuri, wakamwamini papo hapo.

Darasani alikuwa mtu mwingine. Kwenye nyumba za watu alizungumza kwa furaha. Mbele ya ubao alikuwa mkavu. Alituambia tusiamini kitabu wala mwalimu, tuamini macho yetu, kisha akikuta umeandika kitu tofauti na alichosema anakupa sifuri. Alihubiri usafi na alikuwa na koti moja tu la maabara, lenye doa la iodini kifuani ambalo lilikuwepo tulipoingia kidato cha kwanza na lilikuwepo tulipoondoka. Na yeye, mtu wa maini, aliwaogopa kuku walio hai. Kuku akipiga mbawa karibu naye alirudi nyuma hatua nzima, uso umebadilika. Tulilijua hilo. Wapo waliomwachia jogoo maabara makusudi, naye akafundisha kipindi kizima akiwa amesimama mlangoni.

Kwa sababu ya woga huo alihitaji mikono ya mtu mwingine siku ya somo la maini, tulipokuwa kidato cha tatu. Siku hiyo ilisubiriwa na shule yote. Tulichangishana, wakanunuliwa tetea na jogoo. Mwenye duka Mwislamu wa ng'ambo ya barabara aliitwa kuwachinja, ili baadaye kila mtu ale bila kuuliza. Kisha wote wawili waliwekwa mezani kwenye sinia, ubavu kwa ubavu, na mwanafunzi mmoja alipewa kisu cha kuwafungua.

Kisu alipewa Editha. Kila mara Editha. Alikuwa msichana mkimya kutoka upande wa Kasanda, anakaa bweni, daftari lake halina hata kufutafuta. Hakuuliza kitu. Alimpasua tetea kama anafungua mlango wa nyumba anayoishi, akaweka nje lile ini kubwa la njano, kisha la jogoo, dogo, jekundu la kuiva. Damu ya kila mmoja ilikuwa imekingwa kwenye glasi na kuachwa igande. Juu ya damu ya jogoo palikuwa na maji yanayopitisha mwanga. Juu ya damu ya tetea maji yalikuwa na ukungu, kama ya kuoshea chombo cha maziwa.

"Hicho ni kiini cha yai kiko njiani," Mwalimu alisema akiwa mlangoni.

Ni siku hiyo nilipouliza swali langu. Nilinyoosha mkono, na darasa likaanza kuguna kabla sijafungua mdomo. Mwalimu alikuwa ananiita Mheshimiwa, kwa maana alisema nimezaliwa kwa ajili ya bunge na si kwa ajili ya sayansi.

"Mheshimiwa ana hoja," alisema.

Nilisema, Mwalimu, homoni inatoka kwenye ovari na ini linatii. Sasa jogoo naye ana ini. Tukimchoma sindano ya estrojeni, ini lake litatii? Litatengeneza kiini?

Darasa zima lilicheka. Mtu wa nyuma alitaga kwa sauti. Mwalimu alitazama nje, kwenye mti wa mkaratusi, muda mrefu kidogo.

"Mheshimiwa, kaa chini," alisema. "Jogoo hatagi."

Dakika hiyo hiyo Editha alinyoosha mkono, mara ya kwanza ninayoikumbuka, akauliza sinia lioshwe kwa maji ya moto au ya baridi. Mwalimu akasema hilo ni swali zuri. Maji ya baridi kwanza, damu isishike. Kuku walipopikwa, alichukua firigisi ya jogoo, kitu ambacho kwetu msichana hapewi, akamwekea Editha kwenye sahani mbele ya wavulana wote. Hakutaka kuvunja mila, nadhani. Hakuijua tu. Lakini niliitazama ile firigisi ikitafunwa, na naweza kukueleza mpaka leo ilikuwa na ukubwa gani.

Baadaye nilikwenda chuo kikuu, nikasoma sayansi ya wanyama. Sitaki kusema nilikwenda kwa ajili ya swali la jogoo, lakini ndilo nililolitafuta kwanza. Jibu lilikuwepo. Ini la jogoo linatii. Ukimpa estrojeni, linaamka kama la tetea, linatengeneza viini, damu yake inapata ukungu ule ule. Samaki dume vile vile, chura dume vile vile. Karibu kila mnyama ambaye jike lake hutaga, dume lake lina ini linalojua kazi ile na halijawahi kuambiwa liifanye. Tatizo ni kwamba jogoo hana pa kuvipeleka. Hana ovari ya kuvipokea. Viini vinazunguka tu kwenye damu, vinamjaa, vinamsumbua, mpaka homoni iishe.

Mhadhiri alilisema hilo kama jambo dogo na kuendelea mbele. Mimi nilikaa pale nikimfikiria jogoo yule kuliko ilivyostahili.

Nilirudi Kasulu na shahada. Kazi haikuwepo. Nikajenga banda kwa mama, nikafuga kuku wa mayai, nikawa naandika maombi ya kazi usiku na kuokota mayai asubuhi. Editha alikuwa amesoma stashahada tu, chuo cha mifugo. Yeye alipata kazi ya ofisa mifugo huko Kakonko, akapewa na pikipiki, na watu wanamwita Daktari. Mama yangu pia. Kuku wangu akikohoa, mama ananiambia, mwanangu, si umpigie Daktari. Namwambia, mama, mimi nimesoma kuliko yeye. Mama anasema ndiyo, najua umesoma, mpigie.

Mwalimu naye alistaafu na kuhamia Kibondo, kwao mkewe. Nilisikia amejenga vizimba vya kuku wa mayai nyuma ya nyumba, vile vya waya ambavyo kuku anakaa mahali pamoja na yai linateremka lenyewe. Nilicheka. Mtu anayeogopa mbawa alikuwa amepata ufugaji usio na mbawa.

Mwaka huu, msimu wa joto mvua zilipochelewa, mkewe alinipigia. Kuku wanakufa, alisema. Si wale wadhaifu. Wanakufa wanene, wanaotaga vizuri. Jioni anakula, asubuhi yuko chini, upanga wa kichwani umekuwa mweupe. Wamebaki nusu. Nilianza kumuuliza maswali, akanikatiza kwa upole. Hakuwa amepiga kwa ajili hiyo. Simu ya Mwalimu imepotea na namba zake zote, naye anasema mimi ninayo namba ya Editha.

Nilimtumia namba. Kisha nikapanda basi la alfajiri kwenda Kibondo, ili nifike kabla yake.

Nilijua kinachowaua tangu kwenye simu. Ndani ya basi nilikuwa nataka jambo moja, na niliona aibu jinsi nilivyolitaka: Mwalimu alisikie kutoka kwangu, na aseme kwa mdomo wake kwamba ni kweli.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya vizimba, kajifunika koti zito ingawa jua lilikuwa limepanda. Amepungua. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akaongeza mwakeye.

"Mheshimiwa," alisema. "Editha yuko nyuma yako?"

Nilimwambia yuko njiani. Chini ya mkorosho mdogo kulikuwa na kuku aliyekufa asubuhi ile, hajazikwa bado. Nikaomba kisu. Mkewe alileta kile cha kukatia mboga, nikampasua pale pale, naye Mwalimu akanyoosha shingo bila kuinuka. Tumbo lilikuwa limejaa damu iliyoganda, mabonge. Chini ya damu palikuwa na ini, kubwa, njano iliyopauka, na nilipoligusa lilimeguka kama muhogo uliochemka kupita kiasi. Lilikuwa limechanika upande mmoja.

Nilimweleza. Mafuta yamezidi kwenye ini. Estrojeni inaliambia litengeneze, wewe unawajazia mahindi, kizimbani hawana pa kutembea wayachome, na joto linamalizia. Ini linajaa mpaka linapasuka, kuku anavuja damu ndani na kufa. Punguza mahindi, watoe wakatembee.

Alinisikiliza kwa adabu. Mahindi yalikuwa yamevunwa mengi, alisema, ya shamba la mkewe, na kuku walikuwa wanayapenda, angewanyima vipi. Halafu akaliangalia lile ini mkononi mwangu.

"Lakini ini la njano si ugonjwa," alisema. "Ni kazi. Nimewafundisha mimi."

"Kazi nayo ikizidi inaua, Mwalimu."

"Tumsubiri Editha."

Tukamsubiri. Nilinawa mikono. Alizungumzia bei ya saruji. Nilihesabu kwa macho kuku waliobaki, wanene, wakilia kwa kuridhika, na ndoo ya mahindi imejaa mbele yao, na sikuiondoa. Haikuwa ndoo yangu.

Editha alifika kwa pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, akapiga goti kidogo kumwamkia Mwalimu, na uso wa mzee ukafunguka kama wa zamani, wa kwenye nyumba za watu. Alichuchumaa kando ya kuku niliyempasua. Hakuchukua muda. Aliligusa ini kwa kidole kimoja, akaangalia vizimba, akaangalia ndoo.

"Limepasuka," alisema. "Mahindi, Mwalimu. Wape kidogo, na wafungulie hawa watembee. Nitaleta vitamini kesho. Wale wanene kabisa mkawale."

Mwalimu aliinuka. Mwenyewe, bila kushikwa mkono, akaenda mpaka kwenye ndoo akayamimina mahindi kwenye gunia. Kisha akampa mkewe ishara afungue vizimba, na kuku walipoanza kutoka wakipiga mbawa akarudi nyuma mpaka ukutani.

Editha alinisogelea, akauliza kwa sauti ya chini kama sikumwambia.

"Nilimwambia," nilisema.

"Sasa?"

"Sasa umekuja wewe."

Alitikisa kichwa. Akasema, kaka, wewe bado uko kidato cha tatu. Hakusema kwa ubaya, na hilo lilinikera zaidi.

Mmoja wa wale wanene alichinjwa kwa ajili yetu. Mkewe aliliweka ini pembeni, hata mbwa hakupewa. Tulikaa ukumbini, ugali wa muhogo katikati, bakuli la kuku, na juu ya nyama zote firigisi, nzima, imekaa peke yake kama ilivyo kwa mgeni. Wageni tulikuwa wawili. Nilimwona Mwalimu akiitazama. Alikuwa ameshakaa kwenye nchi hii vya kutosha kujua firigisi ni ya nani, na nilijua pia kwamba kujua hakujawahi kumzuia.

Alimega tonge, akalishika bila kulitia mdomoni.

"Mheshimiwa," alisema, "lile swali lako la jogoo."

Niliweka tonge langu chini.

"Siku ile sikulijua jibu. Nikakwambia ukae." Aliligeuza tonge. "Nimelifikiria sana baada ya hapo. Ini lake linatii?"

Nilimweleza yote. Nilimweleza kuhusu jogoo na samaki na chura, jinsi ini la dume lilivyo na ujuzi wote umelala ndani yake, jinsi damu inavyopata ukungu, na jinsi viini vinavyozunguka bila pa kwenda. Sijawahi kueleza kitu vizuri hivyo. Sikutumia neno lolote la chuo. Mkewe aliacha kula. Mwalimu alisikiliza mdomo wazi kidogo, tonge liko hewani, kama mtoto, na nikaona kwamba hili ndilo walilokuwa wanalipata wale akina mama miaka ile, na kwamba mimi pia naweza kulitoa.

Nikamaliza. Mwalimu alitia tonge mdomoni, akatafuna, akameza. Akageuza kichwa.

"Editha," alisema, "ni kweli?"

Editha alinitazama kabla ya kumjibu. "Hilo sikulisoma mimi, Mwalimu. Mwamini yeye."

"Macho, mwanangu. Amini macho." Mzee alikuwa ameshachangamka, anafuta vidole. "Jogoo tunaye hapo nje. Mheshimiwa atatafuta hiyo homoni, yeye anajua maduka ya mjini. Tutamchoma, tutasubiri, tutamfungua tuone. Kisu atashika Editha."

Na mkono wake, uliokonda, wenye mishipa, ukaanza kuelekea kwenye bakuli.

Wangu ulitangulia. Nilichukua firigisi, nikaiweka mdomoni yote, nikaitafuna mbele yao polepole huku nikimtazama Mwalimu machoni. Ilikuwa ngumu, ya kuku mzee. Sikubakisha.